Koti la Mifuko ya Siri

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Koti limekwisha! Kwa nje, koti la mtu mzima mwenye heshima zake. Kwa ndani, mifuko minne ya siri yenye bitana ya plastiki, ili vijitawi vibichi visinilowanishe shati. Miaka yote hii kwenye cherehani, na leo ndipo nimejua ufundi huu nilipewa kwa kazi gani.

Kesho kutwa chama chetu cha bustani kinakwenda ziara. Jumamosi bustani kubwa, Jumapili kitalu cha miche. Desturi yetu, kila mtu huweka mezani mmea mmoja alioupata safarini, na mwenye kitalu huchagua ulio bora. Mshindi hukaa mwaka mzima na kopo la shaba la kumwagilia maji. Akishinda mara tatu mfululizo, ni lake moja kwa moja.

Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, ameshashinda mara mbili. Ameshatangaza kwamba kopo litakaa sebuleni kwake, la kuwekea miavuli. Miavuli! Kopo la shaba!

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Jua kali. Mke wangu akaniuliza ndani ya basi koti la nini. Nikasema nahisi homa. Akatoa vidonge viwili vichungu kwenye mkoba na kunisimamia mpaka nikavimeza, watu wote wakitazama. Shemeji naye kaja na kofia mpya, pana kama ungo. Majivuno matupu.

Getini tulisomewa masharti. Marufuku kukata hata jani. Niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Nyuma ya banda la zana nikaona kamba. Ndani ya kamba, mmea ambao sijapata kuuona: majani ya zambarau, mishipa myeupe, unang'aa kama umepakwa mafuta. Kibao kilikuwepo, ila miwani niliiacha ndani ya basi. Niliweza kusoma neno moja tu kubwa, USIGUSE. Likanitosha. Nani anazungushia kamba kitu cha hovyo?

Nikainama kama mtu anayefunga kiatu. Mkasi, chap! Kijitawi mfukoni, upande wa moyo.

Nikirudi nikapishana na shemeji, anaelekea kulekule. Nikamwambia huko hakuna kitu, majembe tu. Akasema anatafuta choo. Maskini, hana habari.

Jumapili, tarehe 8 Juni, asubuhi

Kifua kinawasha vibaya. Sijui ni vidonge vile? Mke wangu anasema dozi haikutosha. Kaniongezea viwili.

Kwenye chai, shemeji alikuwa na paji la uso limevimba, anajikuna kwa kijiko. Nilimpa pole kwa sauti ya huruma. Kunguni wa nyumba ya wageni tuliyolala, bila shaka. Wamemchagua anayestahili. Leo ni siku yangu, naiona.

Jumapili hiyohiyo, jioni

Sitaki kuandika. Naandika.

Niliweka kijitawi changu mezani, nimekifunika kwa leso. Shemeji akaweka chake, naye amekifunika. Tukafunua pamoja. Majani ya zambarau, mishipa myeupe. Changu na chake! Alikibeba ndani ya ile kofia, mwizi mkubwa.

Mwenye kitalu akaruka nyuma. Akasema tusijiguse macho, hilo ni gugu. Wale wa bustani wamelizungushia kamba wapate kulichoma, na utomvu wake unawasha wiki nzima. Nikasema nilikiokota chini. Shemeji akasema na yeye kaokota. Mke wangu akanisogelea. Alinivua koti, akaligeuza nje ndani mbele ya chama kizima. Mifuko minne ikaning'inia. Na hapo ndipo nilipoelewa: plastiki niliitoboa mwenyewe kwa sindano, pindo zima, kwa uangalifu mkubwa.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Kopo limekwenda kwa dereva wa basi. Si mwanachama! Alikuwa amemnunulia mkewe mche wa mrehani, akautua mezani kidogo apekue mifuko atafute funguo. Mwenye kitalu akaunusa, akasema huu ndio. Dereva akauliza kama kopo ni lazima alirudishe limejaa maji.

Ila miavuli ya shemeji imekosa nyumba. Nitalala na hilo.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Kifua kimepoa. Nimemwapia mke wangu kwamba kuiba vijitawi basi, nimekoma kabisa. Na mimi nikiapa nimeapa: vijitawi siibi tena.

Kesho dereva ametualika nyumbani kwake kuona mrehani ulivyostawi. Wanasema kopo kaliweka uani, kuku wananywea. Kuku! Roho imeniuma kweli.

Asubuhi shemeji alikuja dukani nimshonee koti. Anataka mfuko mmoja tu wa ndani, mkubwa. Nilimpima vizuri sana, nikamwambia litakuwa tayari Jumatatu.

Langu namalizia sasa hivi. Mfuko mmoja, upana wa kopo. Mrija wa kopo utapita ndani ya mkono wa kulia.

Mke wangu kachungulia, kauliza koti tena la nini. Nimemwambia nahisi homa. Kaenda kuleta vidonge.