Sampuli za Baraza la Waya

Penye watu wanaolalamika kukosa wateja, mjanja hahitaji kubisha hodi. Hukuta mlango uko wazi na kiti kimeshapanguswa. Ndivyo Nuhu wa Kipini alivyoikuta Garsen, mwaka ule uliofuata mafuriko ya Elnino. Alishuka kwenye basi la Malindi amevaa viatu vinavyong'aa kuliko tabia yake, mkoba mweusi begani, akaketi kwenye hoteli ya chai karibu na stendi. Maandazi hayajapoa, tayari alikuwa amesikia kilio cha mji mzima.

"Samli ninayo, mnunuzi sina," alisema Sabdio, mjane wa Kiorma aliyeketi meza ya pili. "Maji yalinichukulia ng'ombe, yakaniachia wawili, tena wazee. Nikiuza samli yangu nanunua mtamba kabla watu hawajahamisha mifugo kwenda malisho ya delta ya mto. Nisipouza, mwakani nitakuwa naomba maziwa kwa majirani kama paka."

"Afadhali wewe," alijibu shoga yake Mwanaarusi, mkulima kutoka Wenje. "Mimi asali imejaa nyumba, na mikeka nailalia mwenyewe, mmoja juu ya mwingine, kama sultani."

Mwenye duka, mzee Abdirizak, alikohoa tu. Ghala lake nalo lilijaa asali, aliyoinunua kwa bei ya huruma kutoka kwa akina mama hao hao. Huruma yenyewe ilikuwa yao, si yake.

Nuhu akageuza kiti.

"Mama zangu, wateja wapo. Ila nyinyi mwawangoja baraza ambalo hawalikai."

"Wanakaa baraza gani?" akauliza Sabdio.

"La kompyuta. Watu wa dunia nzima wakaa humo wakizungumza kwa maandishi. Wapishi wana lao, wafugaji wana lao, na wapenda asali wana lao."

"Liko mtaa gani?"

"Halina mtaa, mamangu. Limo ndani ya waya wa simu."

"Waya wa Garsen? Huo si ulikwenda na maji?"

"Ndiyo maana natumia wa Malindi," alisema Nuhu, bila kupepesa jicho.

Akafungua mkoba, akatoa kompyuta ya kukunja, nyembamba kama sahani ya biriani ya harusi. Akaiunga na betri ya gari. Ilipolia na kuwaka, mwenye hoteli akasahau sufuria ya maziwa motoni.

"Sikilizeni adabu ya baraza hilo," aliendelea. "Ukiingia ukipiga kelele 'nunueni, nunueni', wanakufukuza. Sharti usalimie, ukae, usikilize. Mtu akiuliza jambo unalolijua, unamjibu bure. Ukishazoeleka, wao wenyewe ndio wanakuuliza: nawe mwenzetu, kwenu kuna nini?"

"Basi ni watu waliolelewa," alisema Sabdio.

Na hapa tumpe Nuhu haki yake: mpaka hapo hakusema uongo. Aliwahi kufagia ofisi moja ya kupiga taipu huko Mombasa, akaona kwa macho yake mabwana wakipata wateja wa viungo kwa kujibu maswali ya pilau katika baraza hilo. Uongo ulikuwa bado njiani. Ulifika na kikombe cha pili.

"Tabu ni moja. Mteja wa barazani haoni, hanusi. Basi huomba sampuli."

"Sampuli ndiyo nini?" akauliza Mwanaarusi.

"Kitu kidogo cha kuonja. Hakilipiwi. Kama debe hivi. Mawili."

"Kama ni kidogo, mbona madebe mawili?" akauliza Abdirizak.

"Ulaya watu ni wengi, mzee."

Jibu hilo halikupata wa kulipinga, kwa kuwa ni kweli Ulaya watu ni wengi.

Nabii Nuhu, amani iwe juu yake, alipakia viumbe wawili wawili. Huyu naye alipakia viwili viwili: samli madebe mawili, mikeka miwili, asali mitungi miwili. Tofauti ni kwamba safina ya kwanza ilirudisha ilichobeba.

Aliporudi kutoka Malindi, aliwakusanya hotelini, akaiwasha mashine, akasoma kwa sauti ya khatibu.

"'Mimi ni Bi Ingrid wa Denmark. Nimeonja samli ya Bi Sabdio, nikatokwa na machozi.'"

"Kwa nini? Ilikuwa imeharibika?" akauliza Sabdio.

"Kwa utamu, mama! 'Mungu akibariki kizazi chako. Naomba sampuli nyingine, kubwa zaidi.'"

Hoteli nzima ikapiga makofi. Mwanaarusi akaambiwa kwamba mkeka wake umetandikwa kwa daktari mmoja wa huko, na wagonjwa wanapona kwa kuukalia tu. Abdirizak akamvuta Nuhu kando.

"Kijana, baraza hilo lina mwenyekiti?"

"Kiti kiko wazi, mzee. Lakini wanaotaka ni wengi."

Jioni hiyo beberu mnono alihama zizi la Abdirizak, na Garsen ikapata mwenyekiti wa baraza la dunia. Alianza hata kutembea polepole, kama mtu anayebeba mataifa.

Safari ya pili ikaenda, na sampuli kubwa zaidi. Barua ya pili ikaja, na machozi zaidi. Nuhu alipoomba sampuli ya tatu, Sabdio alikuwa amebakiwa na nusu ya samli yake tu, na mifugo ya watu ilianza kupita kuelekea delta. Alikwenda kwa Mwanaarusi, akaizungusha kahawa kikombeni mpaka ikapoa.

"Shoga, wewe umeuza vitu maisha yako yote," alisema mwishowe. "Umewahi kuona mteja wa namna hii? Amesifu, amelia, amenibariki mpaka wajukuu. Bei hajauliza."

Mwanaarusi akashika kifua. "Wala wangu hajauliza!"

"Mteja asiyeuliza bei si mteja. Ni Nuhu."

"Twende tukamshike ukosi!"

"Tukimshika ukosi tutapata ukosi. Mimi nataka mtamba."

Kesho yake asubuhi, hoteli ikiwa imejaa, Sabdio alikwenda kuketi mbele ya Nuhu, sura yake tulivu kama maji ya mtungi.

"Mwanangu, umetuhangaikia sana. Nami nimekutafutia mteja katika baraza letu."

"Baraza lenu lipi?"

"La wanawake wanaouza maziwa. Halina waya lakini linafika mbali. Kuna mfugaji mmoja anaitaka hiyo mashine yako. Wallahi, anaitaka kuliko usingizi."

Macho ya Nuhu yakafunguka. Mfugaji! Hawa ndio watu wanaofunga utajiri kwenye kanga na kulala chini.

"Mwambie aje tuzungumze."

"Hawezi kununua asichokijua. Anaomba sampuli."

Kicheko cha Nuhu kikakwama njiani. "Mama, mashine haina sampuli. Ni hii hii moja!"

"Si ndiyo desturi ya baraza?" akauliza Mwanaarusi kwa upole. "Hakilipiwi."

"Ndiyo desturi," alisema Abdirizak, akijikuna ndevu kwa heshima ya cheo. "Mimi kama mwenyekiti siwezi kuivunja. Toa, kijana."

Nuhu akawatazama watu, watu wakamtazama yeye. Akikataa, ataulizwa kwa nini sampuli za wenzake zinakwenda na yake haiendi. Akikubali, pengine mfugaji atalipa ng'ombe mzima. Tamaa ikasukuma, aibu ikavuta, mkoba mweusi ukahamia begani kwa Sabdio.

Baada ya siku chache za kuketi bila mashine wala barua ya kusoma, Nuhu alimfuata Sabdio nyumbani.

"Mama, yule mfugaji amesemaje?"

"Ameipenda! Ametokwa na machozi."

"Bei je?"

"Bei hajauliza. Amekubariki tu, wewe na kizazi chako."

Nuhu akakaa chini pale pale kwenye vumbi, na viatu vyake vinavyong'aa. Alikuwa ameitambua barua yake mwenyewe.

"Ni nani huyo mfugaji?"

"Ni mimi. Nilikuapia kuwa anaitaka, na sikukudanganya. Tangu mafuriko sijapata usingizi."

"Mamangu, nihurumie! Mashine si yangu. Niliichukua ofisini Mombasa, nao hawajui kuwa wameniazima. Nisipoirudisha mwezi huu naozea ndani!"

"Itarudi. Ila kwanza niambie: samli yangu imeliwa wapi?"

Nuhu akainama. "Malindi. Bi Arafa, mwenye hoteli nyuma ya soko. Mikeka na asali pia nilimpelekea yeye. Nilimwambia ni vya mamangu wa Kipini. Kila nikienda ataka zaidi."

"Aliuliza bei?"

"Aliuliza! Yule mwanamke? Tulibishana mpaka sauti ikanikauka!"

Sabdio akainua mikono yote miwili. "Alhamdulillahi. Huyo ndiye mteja."

Kesho yake walipanda basi watatu: Sabdio, Mwanaarusi na Nuhu, aliyepakia madebe, akayapakua, akayabeba kichwani sokoni kote. Bi Arafa alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mizani ya haki. Aliposikia mambo yalivyokuwa, alimtazama Nuhu juu mpaka chini.

"Kumbe huna hata mama Kipini?"

"Ninaye, bibi. Ila hatengenezi samli."

"Basi ataletewa habari zako. Nenda nyuma, kuna masufuria ya harusi."

Aliyasugua mpaka akajiona sura ndani yake, na kwa mara ya kwanza hakuipenda. Ndipo Sabdio akamkabidhi mkoba wake, akamwambia aende kwa amani, na wanawake watatu wakageukiana kupatana bei za samli, mikeka na asali za kila mwezi, na Bi Arafa akalipia papo hapo vilivyoletwa. Abdirizak, huko Garsen, aliendelea kuwa mwenyekiti. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Mifugo ya mwisho ilikuwa ikipita kuelekea delta Sabdio aliposhuka kwenye basi. Akamsimamisha Hirbo, mchungaji mwenye mtamba mwekundu, mpana wa nyonga, masikio hayatulii.

"Mama yake huyu," alianza Hirbo, "akikamuliwa, vibuyu vinakwisha."

"Sikuulizi mama yake. Nauliza bei."

Hirbo akataja. Sabdio akacheka. Hirbo akaapa. Sabdio akaanza kuondoka, akaitwa, akarudi. Adhana ya alasiri ikawakuta bado wanabishana; wakaenda kuswali, wakarudi wakaendelea. Jua lilipoinama mtamba aliingia zizini kwa Sabdio, akanywa maji, akampiga mwenye zizi teke la goti. Sabdio alilisugua goti huku akicheka, na usiku huo alilala.