Skii za Njano Zinazopenda Kuzama

Squirrel Fork, Idaho
Jumatatu, 24 Februari

Kwa Ndugu LaVar Egbert,
Mwenyekiti, Chama cha Pikipiki za Theluji,
Squirrel Fork.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUPINGA KUONDOLEWA KUNDI LA MLIMANI

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiomba bega lako liendelee kupona. Barua yako nimeipata, ile uliyoiandika kwa mkono wa kushoto, ukinijulisha kwamba kuanzia Jumamosi hii naondolewa Kundi la Mlimani na kupelekwa Kundi la Bondeni, "kwa usalama wako mwenyewe na wa mgongo wa Dada Verla." Nimeisoma mara tatu. Mara ya nne nilishindwa kwa sababu miwani iliingia ukungu.

Mwenyekiti, nimeupanda mlima ule majira ya baridi thelathini na mawili. Hao wa Bondeni nawajua, ni watu wema sana. Wanakwenda mwendo wa ng'ombe mwenye mimba, kila nusu saa wanasimama wanywe kakao, na wakimwona kulungu wanampiga picha mpaka kulungu mwenyewe anachoka. Ukinipeleka huko utakuwa umenizika na huku bado nakula viazi.

Kosa si langu. Kosa ni la skii. Naomba unifuate taratibu.

1. Mwezi Desemba nilizing'oa skii, nyayo zile mbili za mbele za kutelezea, zilizokuja na pikipiki yangu kutoka kiwandani, nikafunga hizi za njano, pana, za mtengenezaji mwingine. Tangazo lilisema zitaelea juu ya theluji laini. Ndugu yangu, hazielei hata kidogo. Nikiigusa theluji ya unga tu, pua zinainama, zinachimba, pikipiki inasimama kichwa chini, nami naendelea na safari peke yangu.

2. Karatasi ya maelekezo. Haikuwa na hata neno moja, ila picha sita za mkono usio na mwenyewe ukishika spana. Mimi ndiye niliyeifufua mashine ya kuvunia viazi ya marehemu baba kwa waya wa uzio, ikavuna misimu minne zaidi. Leo nikafundishwe kazi na mkono usio na mwenyewe? Niliiwashia jiko. Hata hivyo kazi yenyewe ni ya kitoto: bolti moja, vipete viwili vya chuma, na kipande cha mpira kinachokaa kati ya mguu wa pikipiki na skii. Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana.

3. Dada Verla Nield. Desturi yetu unaijua: mtu akikwama, aliye nyuma yake anashuka, anashika kile kishikio cha mbele ya skii na kuvuta, mwenyewe akiongeza mafuta. Kwa hilo namshukuru. Lakini hakuna mahali desturi inaposema mvutaji awe anaongea. Jumamosi iliyopita alinivuta mara tisa. Mara ya kwanza alisema, "Pole, Rulon." Mara ya tatu akasema, "Hivi wewe unaendesha au unapanda viazi?" Mara ya sita alikaa kwenye pikipiki yake akala mkate wake wote kwanza, mimi nikiwa nimezama mpaka kifuani. Mara ya tisa: "Babu wee, nikikuvuta tena nakuvuta moja kwa moja hadi kwako, nakufungia ndani!" Babu! Mtu aliyenizidi miaka miwili, na aliyekuwa akininyang'anya penseli darasa la nne.

Na maneno yakafika kanisani. Jumapili tukiwa kwenye foleni ya viazi vya jibini, Askofu aliniuliza kwa upole kabisa kama siku yangu ya kuzaliwa ningependa zawadi ya sepetu ya kujifukua. Watu wazima walitoka nje kwenda kucheka.

4. Sasa ushahidi, na hapa naiomba kamati ikae vizuri vitini. Kama tatizo ni mimi, wengine wanazama kwa nini? Skii za njano mjini hapa ziko kwenye pikipiki tatu tu: yangu, ya Verla na yako. Verla, tangu Krismasi, anaendesha amesimama na kujitupa nyuma kama anayevuta punda mkaidi, na nilimsikia akimwambia binti yake kwamba kiuno chake sasa kimeanza kudai haki zake. Nawe, Mwenyekiti, naandika kwa uchungu. Wewe ndiye uliyetutangulia kukata njia tangu tukiwa vijana. Januari ukaruka tuta dogo, tuta la watoto, mbele ya kundi zima. Pua zikazama, ukapaa, bega likavunjika. Kwenye mkutano ulisimama ukasema, "Jamani, macho yamekwisha, miguu imekwisha. Mimi basi." Ukaibandika pikipiki yako bango la INAUZWA, na nasikia mnunuzi anakuja Ijumaa.

Siku ile nilitazama viatu vyangu. Leo nasema. Watu watatu, mashine tatu, na kuzama ni kulekule! Wala asitokee mtu wa kusingizia ufungaji. Skii zote hizo zilifungwa na fundi mmoja, bure, gereji moja, kwa namna ileile bila kupishana hata unywele. Fundi huyo ni mimi.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Nirudishwe Kundi la Mlimani. Mtengenezaji wa skii aandikiwe barua kali. Theluji ya upande wa kaskazini ichunguzwe, maana mwaka huu siielewi. Dada Verla akatazwe kusema lolote akiwa ameshika skii ya mtu. Na mwisho, Chama kipitishe azimio kwamba hapa Squirrel Fork hakuna mtu yeyote aliyezeeka, mpaka uchunguzi utakapokamilika.

Nisalimie Dada Colleen, mwambie achari yake ya matango imekwisha na mtungi nimeuosha. Wasalimie wajukuu, na yule mbwa wako anayeniuma. Wasalimie wote wa Mlimani, na hata wa Bondeni, ila kwa mbali.

Ni mimi, niliyezama lakini sijashindwa,

Rulon Beckstead

Baada ya sahihi:

Bahasha nilikuwa nimeshailamba, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Verla alipita na pikipiki yake kurudisha kamba yangu, akaikuta pikipiki yangu gerejini. Aliinama mara moja tu.

"Rulon, huu mpira umeuweka upande gani?"

Nikamjibu, upande wake.

"Upande mnene umeuweka mbele! Umeziinamisha pua mwenyewe, mzee mzima!"

Alicheka mpaka akakaa sakafuni, anajifuta machozi kwa glavu. Halafu kicheko kikakatika ghafla. "Ngoja kwanza," akasema. "Na zangu nani alinifungia?"

Aliyoyasema baada ya hapo siyaandiki kwenye barua ya Chama. Tumeigeuza mipira yangu na yake kwa dakika ishirini, tukaenda kujaribu shambani nyuma ya nyumba, penye theluji ya kufika kiunoni. Hakuzama mtu. Zinaelea, Mwenyekiti. Tangazo halikusema uongo. Verla alizunguka shamba lote amekaa kitako, akipiga kelele kama msichana.

Basi futa namba moja hadi tano. Nipeleke Bondeni, nitainywa hiyo kakao na kulungu nitampiga picha. Ila bango lile ling'oe leo hii, na huyo mtu wa Ijumaa mwambie asije. Kesho asubuhi niko kwako na spana, na Verla anakuja kunisimamia.

Macho yako ni mazima, LaVar, na miguu yako ni mizima. Hujazeeka, ndugu yangu. Ulifungiwa skii na mimi.