Kazi za Kaunta Tu

Bushiri Mwinyihaji hakuwahi kufanya kazi siku nzima tangu azaliwe, na bado ndiye aliyeamua kuwatafutia wenzake ajira. Hilo lisikushangaze. Mjini hapa hata dawa za utajiri huuzwa na watu waliopanga chumba kimoja.

Wazo lilimjia Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwenye benchi la muuza kahawa. Wadada wawili wanaouza madukani walikuwa wanazilaani tovuti za ajira. Mmoja alisema ameomba kazi humo mpaka amechoka, matangazo yamechanganywa madereva na wahasibu na mabaharia, na hajajibiwa hata na mmoja. Mwenzake akamwambia tatizo ni kuomba kwenye kapu la kila mtu.

"Binamu yangu kapata kazi bandarini," alisema. "Ule mtandao ni wa watu wa kutoa mizigo bandarini tu. Ukiingia humo unajua uko kwa wenyewe."

Bushiri aliweka kikombe chini. Kumbe watu wanapaamini mahali panapouza kitu kimoja. Kituo cha afya kinachosema kinatibu kila kitu wanakitilia shaka, lakini kile cha meno tu wanakifungulia mdomo. Aliondoka pale bila kumaliza kahawa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana ilikuwa imeshalipiwa na mtu mwingine.

Mtandao wake aliuita Kazi za Kaunta Tu, kwa ajili ya wanaotafuta kuuza kwenye maduka ya Kariakoo na si kwingine. Matangazo aliyatunga mwenyewe, na hapa tumpe haki yake, aliyatunga vizuri. Anatakiwa muuza vitenge anayejua kutofautisha kitenge halisi cha nta na feki akiwa amesimama ng'ambo ya barabara. Anatakiwa muuza vipuri asiye na hasira. Anatakiwa muuza mashuka, aliyewahi kugombana na mteja wa jumla na wakapatana. Mtu wa kaunta akisoma hayo alijiona yeye mwenyewe, akalipa ada ya uhakiki kwa simu, na papo hapo akatumiwa ujumbe wa hongera. Baada ya hongera hakikuja kitu kingine.

Pesa ziliingia vizuri tu. Kilichomnyima Bushiri raha ni mama yake.

Bi Mwanamkuu wa Magomeni alikuwa amewaambia majirani wote kwamba mwanawe ana duka Kariakoo. Hakuwa anadanganya, alikuwa ameambiwa hivyo na mwanawe, mwaka hadi mwaka, kila alipouliza anakoshinda. Sasa alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi anakuja kuliona, na anakuja na shoga yake Bi Fatuma, ambaye tangu mwanzo hakuliamini duka hilo. Bushiri angeweza kumwongopea hakimu huku anakula karanga, lakini hakuweza kuvumilia mama yake aaibike mbele ya Bi Fatuma. Alimpenda yule mama. Kwa kweli ndicho kitu pekee halali alichokuwa nacho.

Kwa hiyo Ijumaa, saa ya swala, wakati wanaume wenzake wamejaa msikitini, yeye alikuwa anazunguka mitaa kutafuta duka la kuazima. Akaliona la vyombo, masufuria yamepangwa hadi darini, hotpoti za rangi zote, na nyuma ya kaunta amesimama dada mmoja anafuta vumbi bila haraka.

"Mambo, dada."

"Poa. Karibu, bosi. Jumla na rejareja."

"Duka zuri. La kwako?"

"La nani tena? Duka letu hili. Mimi Vicky. Ila umenikuta nataka kufunga. Si unaona mwezi umeshaingia wa kumi na mbili, na mimi mtu wa Rombo. Nisipoonekana nyumbani Krismasi watasema nimefungwa."

Bushiri hakuuliza zaidi. Nani angeuliza? Kila mtu Bongo anajua Desemba ikifika Wachaga wanapanda kwao Kilimanjaro, na kuna mitaa ya Kariakoo inabaki makufuli matupu. Mchaga, kaunta, Desemba, hesabu ilikuwa imejumlishwa tayari.

"Na duka unamwachia nani?"

"Ndicho kinachoniumiza kichwa, kaka. Nimesikia kuna mtandao wa watu wa kaunta tu, eti wanachuja kweli kweli."

"Wanachuja," alisema Bushiri kwa unyenyekevu mkubwa. "Ni wangu. Naitwa Bushiri. Na mtu bora niliye naye kwa sasa amesimama mbele yako."

"Mwenye mtandao unatafuta kazi?"

"Mara moja kwa mwaka naingia kaunta mwenyewe, dada yangu. Nisije nikasahau wanayopitia watu wangu."

Vicky alimtazama kwa heshima. Bushiri naye alishamaliza kupanga. Jumamosi angekaa pale mama amwone, Bi Fatuma anyamaze. Jumapili kingekuja kigari cha mizigo, kirikuu, kubeba masufuria yote. Jumatatu angempigia mama kumwambia biashara imekufa, na mama angemwombea dua.

"Sawa," alisema Vicky. "Ila kwetu hatumwachii mtu duka bila dhamana. Hata shemeji yangu alipolishika aliweka."

"Dhamana kiasi gani?"

"Wewe tazama mzigo uliomo humu, halafu utumie kinachokutosha moyo. Kikiwa kidogo nitampa shemeji."

Bushiri alitazama masufuria mpaka darini. Halafu akatuma ada zote za uhakiki, za waombaji wote, mpaka simu yake ikabaki na salio la kuombea salio. Simu ya Vicky ikatoa mlio mfupi, na Bushiri akakabidhiwa ufunguo uliofungwa kwenye karatasi laini.

"Sasa nenda, kaka. Wapangaji wa juu wakituona tunakabidhiana watamfikishia mwenye nyumba, apandishe kodi."

Alitoka akiwa mwepesi. Pale kwenye kona msikiti ulikuwa unamwaga watu, na Bushiri akapishana na baba mmoja mnene mwenye kanzu ya kijivu, wakasalimiana vizuri. Angeingia kusali siku ile kama wenzake, pengine wangekaa safu moja, na mengi yangeokoka.

Jumamosi asubuhi alivaa kanzu iliyonyooshwa na kofia aliyoshonewa na mama yake. Alipofika akakuta duka limefunguliwa, na yule baba wa kanzu ya kijivu amekaa kwenye kiti anapanga vifuniko.

"Samahani, mzee," alisema Bushiri. "Umeingiaje dukani kwangu?"

Yule baba aliacha vifuniko. "Kwako wapi?"

"Nimekabidhiwa na mwenye duka. Vicky."

"Vicky ni winga wangu," alisema baba yule, ambaye jina lake ni Sadalla na ambaye kwao ni Kilwa na hajawahi kwenda kokote Krismasi. "Analeta wateja, anaweka cha juu chake, anaondoka. Nikienda kuswali ananiangalizia. Mawinga wote wa mtaa huu wanasema duka letu. Wewe ni mgeni Kariakoo?"

Hilo lilimuuma Bushiri kuliko yote. Alitoa ufunguo kama mtu anayetoa cheti. Sadalla akaupokea, akaugeuza, akamrudishia.

"Huo wa choo cha jengo," alisema. "Ukimaliza mwaga maji."

Ndipo ujumbe ulipoingia kwenye simu yake. "Kaka Bushiri, ni Vicky. Uliniambia hongera mwezi uliopita. Ada yako niliilipa kwa nauli yangu ya kwenda nyumbani. Ungekusanya wajinga wa nchi nzima tusingejuana. Wewe ukachukua watu wa kaunta za Kariakoo tu, na wote tunakula kwa mama ntilie mmoja. Tukafungua grupu, na picha yako tukaiweka humo. Nimewarudishia wenzangu kila mtu chake. Mimi niko Chalinze, njiani kwenda Rombo, salimia mtandao."

Bushiri aliusoma mara ya pili, akitumaini umekosewa namba. Sadalla alikuwa ameshasimama kuita walinzi wa mtaa, maana mtu anayedai duka lako asubuhi hapaswi kuachwa mpaka jioni. Lakini bajaji ikasimama mlangoni, akashuka Bi Mwanamkuu, mkono mmoja kwenye goti na mwingine kwenye bega la Bi Fatuma, na nyuma yao mashoga wengine wawili wenye mabuibui mapya.

Bi Mwanamkuu alitazama masufuria, akatazama hotpoti, akamtazama mwanawe aliyesimama katikati yake na kanzu nyeupe. Machozi yakamlenga.

"Umeona, Fatuma?" alisema taratibu.

Bi Fatuma alimgeukia Sadalla. "Na huyu ni nani?"

Bushiri alimtazama Sadalla. Maneno yaliyomtoa polisi, kwa wakwe na kwa wenye nyumba hayakuja hata moja. Aliomba kwa macho tu. Sadalla alimwangalia, akamwangalia yule mama anayefuta machozi kwa ncha ya mtandio, halafu, kwa kuwa ni mfanyabiashara, akaiangalia mikoba minne ya kina mama.

"Shikamoo, mama," alisema. "Mimi ni kijana wake wa dukani."

"Marahaba, baba. Anakutendea wema?"

"Bosi wangu hana neno. Jana tu kaniambia mama akija na wenzake wachague wanachopenda, yeye atalipa."

Kina mama walichagua kwa utulivu na bila huruma. Bi Fatuma alichukua seti ya hotpoti ya ukubwa wote, kisha akarudi kuchukua na ya mwanawe anayeolewa. Bushiri aliwafungia mizigo kwa mikono yake, akawapakia kwenye bajaji, akambusu mama yake mkono. Walipokwisha kuondoka Sadalla alinyoosha kiganja, akaichukua simu ya Bushiri, yenye mtandao wake wote, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Hii rehani mpaka deni la vyombo liishe," alisema. "Ikiita nitakuletea usikilize. Jumatatu lori linafika. Stoo iko ghorofa ya nne na lifti haifanyi kazi. Ukitaka kukimbia kimbia, Magomeni nitapaulizia, mama yako keshanielekeza nyumbani niende kula pilau."

Ndivyo Kazi za Kaunta Tu ilivyompatia mtu ajira, wa kwanza na wa mwisho.

Jumatatu saa tano Bushiri alikuwa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, fulana imemganda, boksi la masufuria begani, wakati Sadalla alipompandia na simu na kumwekea sikioni.

"Umekaa kwenye kiti chako, mwanangu?" aliuliza Bi Mwanamkuu.

"Nimekaa, mama."

"Alhamdulillahi. Usichoke. Mtaa mzima hauna habari nyingine, kila mtu duka la Bushiri. Jumamosi nakuja na kikundi chote cha kukopeshana, mwambie kijana wako aongeze hotpoti."