Vidonge Badala ya Isyo

Jumatatu, 2 Oktoba 1978
Mzee Mutie, baba yake Kavata, ameamua. Jumamosi kijiji kitachimba mitaro shambani kwake kabla ya mvua, na mimi na Ndululu tutapewa vipande sawa. Atakayemaliza kwanza ndiye atakayeruhusiwa kuleta mbuzi wa posa ya Kavata. Nampenda Kavata! Lakini Ndululu anachimba tangu utotoni. Mimi ni karani wa chama cha ushirika. Lazima akili itumike.

Jumanne, 3 Oktoba
Nimefika mjini Emali. Nimenunua kopo la vidonge vya vitamini. Muktar mwenye duka alinionya kuwa ni vya nyongeza tu, mtu ale kwanza. Muuzaji anayezuia mauzo! Nadhani anataka kuvimeza mwenyewe.

Jumatano, 4 Oktoba
Kavata ameniletea sufuria ya isyo, mahindi na maharage bado moto, na parachichi juu. Mate yalinitoka. Ila vidonge vyanitosha, na tumbo zito humfanya mtu mvivu. Nikampelekea Ndululu. Akanishukuru, akaniita ndugu. Maskini.

Alhamisi, 5 Oktoba
Sufuria nyingine. Ndululu tena. Ameuliza kama na kesho itakuja. Mimi vidonge vitatu na maji. Ofisini nilijikuta nikinusa gundi; ilinukia kama uji.

Jumamosi, 7 Oktoba
Nilipiga jembe mara kumi na moja. Kisha giza. Akina mama waliacha kuimba wakanibeba hadi zahanati. Nesi Muthoki akauliza nimekula nini wiki hii. Nikamwonyesha kopo. Akasoma lebo, akanirudishia.

“Kaka, wewe si mgonjwa. Uko na njaa. Mtu akila isyo, mboga na matunda, hizi dawa ni za nini?”

Ndululu alimaliza saa nne asubuhi.

Jumapili, 8 Oktoba
Ndululu, bila ubaya wowote, amemshukuru Kavata mbele ya kanisa zima kwa isyo iliyompa nguvu. Kavata akaja kwangu moja kwa moja.

“Nilikupikia wewe. Mbona ukampa yeye?”

Akachukua sufuria zake akaenda. Imeniuma sana, sitaficha.

Jumatatu, 9 Oktoba
Mbuzi wa Ndululu wamepokelewa. Nilikwenda zahanati kupimwa tena. Nesi Muthoki akanipakulia chakula chake mwenyewe, akanisimamia hadi nikamaliza. Mpole. Hana mume, nimeuliza. Kesho alfajiri naenda Emali kumtafutia zawadi: kopo kubwa, la vidonge mia. Nesi hawezi kukataa vitamini.