Kichwa cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Timu yetu imeanza kulipa wachezaji, nami nimo! Wa akiba, lakini nimo. Baba mkwe hajafurahi. Kasema Jumamosi atakuja uwanjani kwa mara ya kwanza, na asiponiona nikicheza, narudi kwenye karakana yake ya useremala kupiga randa. Mke wangu kaniongezea chai tu. Huyo ananipenda kweli.

Jumatano, 5 Machi
Kikwazo ni kimoja: shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Uwanja mzima humwita Kipara. Mabao yake yote ni ya kichwa. Miguu ile ni ya kumfikisha golini tu! Leo kanifundisha kuruka, bila kuombwa. Eti nafumba macho mapema. Maringo hayo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata! Sisi wa akiba ndio tunaoupaka mpira mafuta kabla ya mechi, ngozi isinywe maji. Sikuupaka. Nimeuloweka kwenye ndoo, sasa mzito kama jiwe. Kesho Kipara apige vichwa viwili tu, ataomba mwenyewe kutoka. Nani ataingia? Mimi!

Jumapili, 9 Machi
Naandika nikiwa na kitambaa cha maji kichwani. Jana, kabla ya filimbi, mwalimu alinikabidhi jezi ya Kipara. Kumbe shemeji alimwomba anianzishe mimi, ili baba yake anione. Nilisema nina homa. Mwalimu akasema itaisha nikikimbia.

Nilikimbia kweli. Kila mpira ulipokwenda, mimi nilikwenda kwingine. Watu wakazomea. Mwishowe ukapigwa juu, ukaja wenyewe kunitafuta. Nilifumba macho mapema.

Wanasema ulinigonga ukaingia wavuni. Bao la pekee! Sikuliona, nilikuwa chali. Kipara alinibeba mgongoni hadi nyumbani huku akilia kwa furaha. Niliona aibu, nikalia pia. Baba mkwe kasema hajawahi kuona kazi ambayo mtu analala katikati yake na bado anapigiwa makofi. Niendelee nayo.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji ni ndugu wa kweli, Mungu amweke. Amekesha akiniuguza. Mwalimu kapita kunijulia hali, kasema Jumamosi Kipara anarudi mbele. Mimi akiba. Akiba tena!

Mpira ule sitauloweka maisha yangu yote, nimeapa. Ila shemeji kasahau viatu vyake hapa kwetu. Navyo ni vya ngozi. Nimemwomba mke wangu ile ndoo.