Mwenye Nyumba Haketi

Jumapili, 14 Desemba

Ijumaa ni slava, siku ya Nikola, mtakatifu wa ukoo wetu. Mwaka jana hakuja mtu. Paka wa Bi Desanka, jirani yangu wa juu, alichungulia mlangoni akaenda zake. Wote walikuwa ng'ambo ya mto, kwa Ljubinka, aliyekuwa mke wangu. Tulipoachana nilibaki na nyumba. Yeye akaondoka na kijana wetu Ognjen, sahani nzuri na picha ya mtakatifu. Mtakatifu niliyemrithi kwa baba yangu! Ati anamtunzia Ognjen. Mimi nina Nikola niliyemkata kwenye kalenda ya duka la nyama.

Mwaka huu watakuja kwangu. Kumwalika mtu slava ni aibu, anayekukumbuka huja mwenyewe. Sawa, sitaalika. Lakini nani amekataza kukumbusha?

Jumatatu, 15 Desemba

Nimeanza na kichwa. Nina miaka hamsini na miwili na kioo hakinifichi kitu. Nimepaka nywele rangi nyeusi, wageni wakute mwanamume, si mzee aliyeachwa. Rangi imekolea hadi masikioni. Nimesugua kwa sabuni, kwa siki, hata kwa rakija, pombe yetu kali ya matunda. Haitoki!

Nikaenda sokoni hivyo hivyo. Mbele ya wauza kabichi nikalalamika kwa sauti kwamba Ijumaa sijui watu wote wale nitawaweka wapi. Radisav, aliyesimamia ndoa yangu, akauliza watu gani. Kisha akauliza kama siku hizi nasafisha mabomba ya moshi. Nilicheka naye. Nyumbani sikucheka.

Jumanne, 16 Desemba

Mbinu ya pili. Nimemnong'oneza Bi Desanka kwamba jiko la Ljubinka limekufa, maskini, sijui atapikaje. Bi Desanka ni redio isiyozimika. Jioni mji mzima utajua. Nani aende kula chakula baridi? Nimelala mchana kwa furaha.

Jumatano, 17 Desemba

Mambo yametumbukia nyongo. Nusu ya mtaa imejitolea kumpikia Ljubinka! Bi Desanka mwenyewe anamwokea mkate wa slava na samaki mkubwa. Amenisimamisha ngazini kunisifu.

"Wengine wakiachana hutakiana mabaya," akasema. "Wewe, Miloje, bado unamhurumia mwenzako."

Nikainamisha kichwa kama mtu mwema. Akaniomba nimpandishie gunia la unga wa mkate huo. Nimelibeba. Goti linawaka moto. Chakula cha wageni wangu wenyewe, nimekibeba mimi, kwenda kwa mwingine!

Alhamisi, 18 Desemba

Nimepata! Siku ya Nikola huangukia kwenye mfungo wa kabla ya Krismasi, nyama marufuku. Meza zote za mji wetu wa Valjevo zitakuwa na samaki na maharage. Ikifika alasiri matumbo yatalia. Sasa harufu ya nguruwe wa kuchoma ishuke ngazi, tuone nani atabaki na samaki. Ndiyo, ni dhambi. Lakini Nikola ni mlinzi wa wasafiri, atawaelewa watakaosafiri kuja kwangu.

Nimeagiza nguruwe mzima. Radisav ameniazima viti vyake vyote na hakuuliza vya nini. Ishara njema. Mtu akikupa viti vyake, yeye atakaa wapi kama si kwako?

Ijumaa, 19 Desemba

Mshumaa umewaka tangu alfajiri. Mlango wazi, baridi yote ya mji imeingia. Siku hii mwenye nyumba haketi, husimama akihudumia wageni. Nikasimama. Asubuhi karibu na mlango, mchana karibu na meza. Alasiri niliegemea friji, lakini kuegemea si kuketi.

Bi Desanka alipita na samaki wake, akanusa, akapiga ishara ya msalaba, akauliza kama nimemsahau Mungu. Nikamkaribisha aonje tu. Akasema anachelewa kwa Ljubinka. Kila nilipowasikia watu ngazini nilinyoosha shati. Walikuwa wa ghorofa ya juu. Mafuta ya nguruwe yakaganda. Nilijiona mpweke, mpweke kabisa, na naandika hivyo kwa kuwa hakuna wa kusoma.

Jioni akaja Ognjen. Kijana wangu! Mkononi sahani iliyofunikwa. Akatazama viti vitupu, nguruwe asiyeguswa, masikio yangu. Hakucheka. Nikamuuliza mbona hakuja mapema.

"Na mimi nakuuliza hilo hilo, Baba. Mwaka jana tulikuwekea kiti. Leo pia. Mama hataki mtu akikalie."

Nikasema sikualikwa.

"Slava mtu haalikwi. Si wewe uliyenifundisha?" Akaona haya. "Basi mimi nakualika. Kesho bado tunakula. Njoo, Baba. Hata na hizo nywele."

Akanibusu mashavuni mara tatu kama nilivyokuwa nambusu akiwa mdogo, akaenda. Samaki aliyeniletea alikuwa mtamu. Nililia kidogo, nikala nimesimama.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimeoga. Nimevaa koti, nimefunga viatu, nimeshika kitasa. Hapo nikafikiri.

Kualikwa slava! Mimi! Anayekumbukwa haalikwi. Wamenifanya mgeni wa kadi, kama mkaguzi wa maji. Hapana, nina heshima zangu. Tena wengi huja siku ya pili, wakishashiba samaki. Nikitoka, si watakuta mlango umefungwa? Nimevua koti. Nguruwe nimempasha moto.

Mchana Ognjen akapiga simu. Wananingoja, supu inapoa, hata Radisav ameniulizia. Nikamwambia nashindwa kutoka, nyumba imejaa wageni.

Akasema amefurahi kusikia hivyo.

Mwakani nitaagiza nguruwe wawili. Mmoja hatatosha.