Uzinduzi wa Trei ya Mayai na Viazi, Wandegeya

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye naye alitumwa kumwakilisha Mheshimiwa. Mwenyekiti wa soko, makamu wake, na yule bwana anayesubiri mmoja wao achoke. Waheshimiwa madiwani mliopo, mliokuwepo na mlioko njiani tangu jana. Viongozi wa dini, wakuu wa idara, wakuu wa idara ndogo, na wakuu ambao idara zao bado tunazitafuta. Wanafunzi wa hosteli. Ndugu zetu wa Kongo. Ndugu zetu wa Kenya. Mabibi na mabwana, bassebo ne bannyabo. Na kama kuna cheo nimekiruka, mwenye nacho ajihesabu nimemtaja mara mbili. (Makofi. Mtu anapiga mluzi.)

Kwa wale wachache wasionijua, mimi ni Dokta Sylvanus Obwona, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kifungua Kinywa. Udokta wangu ni wa heshima na bado unashughulikiwa. Leo nitasema Kiswahili kwa sababu ni lugha ya Jumuiya yetu, na kwa sababu nilijifunza Kiswahili safi jeshini, miaka kumi na moja katika stoo ya viatu, ambako sikuwahi kusikia neno la kipuuzi isipokuwa kutoka kwa wenye miguu mikubwa. (Vicheko.)

Najua kadi zenu zilisema saa mbili asubuhi na sasa ni saa kumi kasoro robo jioni, lakini niwahakikishie kwamba sikuwa nimelala, nilikuwa Nakasero, katika hoteli, kwenye warsha ya kutunza muda, nayo warsha ilichelewa kuanza kwa sababu mgeni rasmi alikuwa mimi, na mimi nilikuwa bado ninanyolewa ndevu kwa ajili yenu. (Makofi machache.) Na nyinyi mmenisubiri! Hamkuondoka! Naona nidhamu ambayo sijaiona hata kambini: karibu saa nane nzima bila kula, na hakuna mtu anayenuna, wote mmetulia, nyuso zinang'aa, na yule mzee pale mbele anachokonoa meno kwa hamu tu. (Vicheko virefu. Mzee anaficha kijiti.) Usikifiche, mzee. Hamu si kosa.

Maana itifaki ni itifaki. Chakula cha uzinduzi hakiguswi na mdomo wowote kabla ya mdomo wa mgeni rasmi. Mimi mwenyewe tangu jana mchana sijatia kitu tumboni isipokuwa maji ya chupa, ili kinywa hiki kifunguliwe hapa hapa, hadharani, mbele ya kamera. Banange, kujitolea kuna maumivu yake! (Sauti kutoka nyuma: "Pole!") Asante. Andika jina la huyo.

Sasa niingie kwenye mada. Utafiti wetu, baseline survey, tulioufanya kwa watu wanne, umeonyesha kwamba watano kati yao wanakula roleksi asubuhi: chapati, mayai mawili, nyanya, inakunjwa, inaliwa mtu akitembea. Ndugu zangu, taifa linalokula likitembea litakaa chini lini lipange mipango? Asilimia mia moja na kumi na nne ya vijana wa hapa Wandegeya hawajawahi kukaa mbele ya kifungua kinywa kinachohitaji uma. (Mtu anakohoa.) Ndiyo maana Kamati ikasema: basi! Tuje na intervention. Ndiyo maana leo tunazindua Mradi wa Mayai na Viazi vya Kuoka Pamoja, trei moja, familia nzima, mkakati mmoja. (Makofi.)

Mtauliza, Mheshimiwa, vinaokwaje? Swali zuri, mmeliuliza vizuri. Kwanza viazi, hivi mnavyoviita airishi, vinamenywa kwa njia shirikishi. Halafu vinakwaruzwa, halafu, sikilizeni hapa wahandisi, vinakamuliwa maji yote ndani ya kitambaa safi, kwa sababu kiazi chenye maji ni kama ofisa asiyehamishwa, hakishiki. Vinatiwa chumvi, vinasambazwa chini ya trei iliyopakwa mafuta, vinabonyezwa mpaka pembeni, na trei inaingia motoni peke yake kwanza, dakika ishirini, mpaka kingo zianze kuwa kahawia. Hiyo ndiyo foundation. Hapo juu vinakuja vitunguu vilivyokaangwa, pilipili hoho, nyanya bila mbegu zake, na soseji iliyokatwa vipande ili kila mwananchi akione chake. Kisha mayai kumi na mbili. Na mayai, ndugu zangu, hayavunjwi juu ya trei! Kila yai linavunjwa kwanza kwenye kikombe, linachunguzwa, likiwa bovu linakwenda nyumbani peke yake bila kuharibu wenzake. Tunaita vetting. Yaliyopita yanapigwa pamoja na maziwa, yanamwagwa taratibu, yanafunika kila pembe bila kubagua kabila, na trei inarudi motoni dakika arobaini na tano, ambazo Kamati imezitafsiri kuwa siku arobaini na tano za kazi. (Sauti: "Dakika!") Tumeshapitisha siku, mwanangu, tusirudi nyuma. Ikitoka inapumzika dakika kumi kabla ya kisu, ili ishikamane. Jamani, hata kusema tu, mate yananijaa. (Vicheko.)

Ujuzi huu hatukuuokota. Tumeutoa kwa mtaalamu wetu, ambaye yuko hapa mbele, mama yule mwenye kitenge cha njano, ameketi kando ya trei yenyewe iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Simama tukuone, Mama Exaucée! (Makofi makubwa kuliko yote. Mama anasimama.) Mama Exaucée ametoka Kongo Mashariki, na kwa miaka tisa amekuwa akioka mayai na viazi kwenye jiko lake la makaa, mahali hapa hapa tulipopiga hema, na wanafunzi walikuwa wakipanga mstari kuanzia pale kwenye duka la kuchapisha mpaka barabarani. Kamati ilipoona mstari ule ikajua hapa ndipo penye mahitaji, na kwa hiyo, ili kuupisha mradi, wiki tatu zilizopita tulimwondoa.

(Minong'ono. Mama Exaucée: "Mheshimiwa, nafasi yangu?")

Nakuja, Mama, nakuja hapo. Hatukumtupa! Tulimhamishia kwa muda nyuma ya vyoo vya soko, mahali pa baridi, pasipo na usumbufu wa wateja. Tangu siku hiyo hajasukumwa na mtu. Kwa wiki nzima iliyopita ameuza sahani mbili, na zote mbili kwa askari aliyepotea njia, kwa hiyo mnaona jinsi alivyopumzika. (Mtu anaguna kwa sauti. Mama Exaucée: "Niko na watoto watatu ku masomo, Mheshimiwa. Nafasi yangu?") Suala la nafasi yako liko kwenye pipeline, Mama. Utajaza fomu katika ofisi ya mradi. (Mama: "Ofisi iko wapi?") Ofisi itajengwa hapa, mahali ulipokuwa unapikia, mara tu baada ya wewe kujaza fomu. (Zogo.) Tulieni! Nimesema tulieni, hii ni hotuba, si maongezi!

Tazameni badala yake upande wangu wa kulia. Kile kitu kirefu cha chuma, kilichofungwa utepe wa bluu, ndicho Tanuri la Taifa. Ni refu kuliko mimi. Lina droo nne, na kila droo ina mpini wake na sehemu ya kuandikia jina, jambo ambalo halijawahi kuonekana kwenye tanuri lolote Afrika Mashariki. Kwa mkupuo mmoja litaoka trei nne, na mtu akitaka kujua trei ya nani iko wapi, anatafuta kwa alfabeti. (Sauti ya mwanamume: "Boss, hiyo ni kabati yangu ya mafaili! Ulisema unaiazima siku mbili!") Huyo ni Bwana Wanyama, ndugu yetu wa Kenya, mwenye duka la kuchapisha, ambaye pia ametuchapia hili bango zuri nyuma yangu. (Vicheko. Bango linasema KARIBUNI KWENYE UZINDUZI WA KISIMA.) Bango litarekebishwa. Kisima pia kilizinduliwa vizuri sana.

Na harufu! Mnaisikia harufu hiyo? Harufu ya mayai, vitunguu, mafuta ya moto! Wako wanaosema serikali haifanyi kazi. Pua zao zifanye kazi basi! (Vicheko. Wote wanageuka kumtazama mwuza roleksi ng'ambo ya barabara, anayegeuza chapati.) Msigeuke huko. Harufu inatoka hapa mbele, kwenye trei hii, naisikia tangu nilipopanda jukwaani.

Kwa hiyo nasema, na mseme nami: Yai! (Wachache: "Juu!") Kiazi! ("Juu!") Kila trei! ("...") Mlipaswa kusema "na mpango kazi wake." Mmeandikiwa nyuma ya kadi. Yai! ("Juu!") Haya, inatosha.

Kabla sijaonja, nitoe shukrani. Naishukuru Kamati yangu, ambayo haijawahi kukutana hata siku moja, jambo lililotuepusha na migongano. Namshukuru mchoraji wa ramani ya mradi, ambaye angechora ramani nzuri sana kama tungemwajiri. Nakishukuru kiwanda cha matanuri, ambacho barua yetu ikishaandikwa na ikishatumwa kitatujibu. Nawashukuru wakufunzi mia mbili, popote walipo, na wao pia hawajui. Namshukuru Bwana Wanyama kwa kabati. Na zaidi ya wote namshukuru Mama Exaucée, kwa trei yake, jiko lake, mayai yake, viazi vyake na mkono wake, maana yeye ndiye sehemu pekee ya mradi huu inayoweza kushikwa kwa mkono. Tuwe wakweli hapa baina yetu, ndugu zangu, waandishi mzime vinasa sauti: kilichopitishwa ni hotuba tu, si mradi. Hotuba imeshatekelezwa kwa asilimia tisini na tisa. Imebaki kuonja. Mpiga picha, sogea. Mama, funua.

(Mama Exaucée hafunui. Ameweka viganja vyote viwili juu ya kitambaa cheupe.)

Mama, funua.

(Mama Exaucée: "Mheshimiwa, kama mradi haiko, nani iko nakaa pa nafasi yangu?")

Mama, hapa patabaki wazi kwa ajili ya awamu ya pili.

("Awamu ya pili ya nini?")

Ya... ya awamu ya kwanza. Mama, bambi, tafadhali, usinifanyie hivi mbele ya watu. Mpiga picha ana harusi saa kumi na moja. (Ngurumo inasikika kwenye spika.) Hiyo ni spika. (Ngurumo tena, ndefu zaidi.) Hiyo pia ni spika, fundi aiangalie. Sikiliza, Mama, tuketi wewe na mimi wiki ijayo, tuunde jopo. (Mama anatikisa kichwa.) Basi jopo dogo. (Mama anakibana kitambaa zaidi. Umati: "Nafasi! Nafasi! Nafasi!") Jamani nina njaa! Nasema nina njaa, mimi pia ni mtoto wa mtu, tangu jana mchana sijala! Haya! Haya, andikeni! Kwa mamlaka niliyopewa, na mengine ambayo sikupewa, natangaza kwamba Mama Exaucée amerudishiwa mahali pake, hapa hapa, kuanzia dakika hii, bila fomu, bila awamu, bila mimi! (Kelele, vigelegele. Wanyama anainua simu yake juu: "Imeingia yote, Mama! Iko hapa!") Vizuri, mmerekodi, mmefurahi. Sasa funua, Mama, nakuomba. Uma wangu uko wapi?

(Mama Exaucée anavuta kitambaa. Trei ni tupu. Chini kuna mikwaruzo ya vijiko na kipande kimoja cha kitunguu kilichoungua.)

Hii ni nini?

("Mheshimiwa, ile ni chakula ya asubui," anasema Mama Exaucée. "Niliitoa ku moto saa mbili, vile mulisema. Ikipoa inaaribika. Tulishakula." Umati unacheka mpaka hema linatikisika. Mzee wa mbele anatoa kijiti chake na kuendelea.)

Wote? Mmekula wote? Mmekaa hapa saa nane nzima mkiwa mmeshiba, mnanitazama? (Umati: "Ndiyo!") Na ilikuwa... ilikuwaje? ("Tamu!") Kingo zake zilikuwa ngumu kidogo, za kahawia? ("Sana!") Aa, jamani. Basi. Mpiga picha, usipige. Au piga, piga tu. Mabibi na mabwana, nina furaha kuwatangazia kwamba Mradi wa Mayai na Viazi umewafikia walengwa wote, kwa wakati, kabla ya mgeni rasmi, na kwamba hakuna kilichobaki. Asanteni sana kwa kunisikiliza. (Makofi, ya kweli safari hii. Wanyama anakata utepe wa bluu na kusukuma kabati lake kurudi dukani.) Dereva. Dereva! Kimbia ng'ambo, uulize yule kijana kama amebakiwa na roleksi. Mbili. Mwambie ni za ofisi. Kwani kipaza sauti bado kiko wazi?

(Kiko wazi. Mama Exaucée amekwisha kulitua jiko lake chini ya hema, mahali pake pa miaka tisa, na anapangusa trei kwa kitambaa cheupe cha itifaki.

"Ukuje kesho, Mheshimiwa," anasema. "Saa mbili. Saa mbili ya asubui.")